Chai Hii Ina Nini? Kutafuta Kosa Kwenye Kikombe cha Chai ya Rangi

Msimu wa karafuu uliopita, mzee mmoja ambaye hunywa chai kwangu kila akitoka kusali alfajiri alipiga funda moja, akakirudisha kikombe mezani, akakitazama.

"Mwanangu, leo umetia karafuu?"

"Sikutia, mzee wangu."

"Basi imeingia yenyewe."

Chai yake siku zote ni ya rangi, kavu, sukari kijiko kimoja. Nilijimiminia, nikaonja. Karafuu ilikuwemo kweli. Si ile iliyokolea ya chai ya viungo, bali ya mbali, kama nguo iliyolala usiku kucha kwenye chumba chenye magunia. Mzee alilipata jibu kabla yangu, na mbele nitaeleza iliingilia wapi.

Nina hoteli ndogo ya chai na chapati hapa Chake Chake, Pemba. Kabla ya hapo niliishi Mombasa, na kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe na kuchemsha maji kwenye chumba cha waonjaji wa chai. Mnada wa Mombasa hufanyika kila wiki, na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za ukanda huu hupita pale. Kabla haijauzwa, waonjaji huonja mamia ya vikombe kwa siku, wakivuta na kutema. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa naosha huku nasikiliza. Nilichotoka nacho si ulimi wa ajabu, ni mpango wa kuuliza. Mwonjaji akikutana na kikombe kibaya, kabla ya kuyalaumu majani alinigeukia mimi. Maji yalichemka kweli? Kikombe hiki umekiosha na nini? Dakika ulihesabu?

Sisi huku chai ikiwa mbaya tunabadilisha paketi. Tunabadilisha tena, na tena, na kosa liko pale pale, kwa sababu paketi haikuwa na kosa. Kwa niliyoyaona hapa visiwani, kosa hukaa kwenye maji, kwenye kabati au jikoni. Tangawizi, hiliki na mdalasini tunavyotia hulifunika vizuri, mpaka siku mtu mmoja anapoagiza chai ya rangi tupu.

Vikombe vitatu kabla ya lawama

Upo utaratibu wa kimataifa wa kutengeneza chai ya kuonja, unaitwa ISO 3103. Gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, maji yawe yanachemka, chombo kiwe cha kauri chenye mfuniko, majani yakae dakika 6, kisha yachujwe. Watu huucheka kwa sababu chai yake ni kali na haina raha. Haikuwekwa kwa ajili ya raha. Imewekwa ili kosa likose pa kujificha.

Kama huna mizani, tumia kijiko kile kile, ukifute juu kwa ubapa wa kisu, na vikombe vya ukubwa mmoja. Kinachotakiwa ni usawa. Tengeneza vikombe vitatu kwa wakati mmoja:

Cha kwanza, majani yako na maji yako.
Cha pili, majani yako na maji mengine: maji ya chupa ya dukani, au ya mvua yaliyokingwa vizuri.
Cha tatu, maji yako na majani mengine, paketi mpya iliyofunguliwa sasa hivi.

Kikombe cha pili kikiwa kizuri na viwili vilivyobaki vibaya, una tatizo la maji. Cha tatu peke yake kikiwa kizuri, tatizo ni majani, au mahali ulipoyaweka. Vyote vitatu vikiwa vizuri wakati chai yako ya kila siku ni mbaya, basi tatizo ni wewe: moto, muda, birika, chupa ya chai. Hilo ndilo jibu ambalo watu hawalipendi. Vyote vitatu vikiwa vibaya, nenda mwisho kabisa wa maelezo haya.

Onja bila sukari, bila maziwa, bila kiungo. Kikombe kiwe cheupe ndani, maana bilauri ya rangi itakudanganya. Majani yaliyobaki yamwage juu ya mfuniko uyaangalie yakiwa bado na joto: yakielekea kwenye rangi ya shaba, yanang'aa, hiyo ni dalili njema. Yakiwa na ukijani, au meusi ya kufifia kama majani yaliyooza, kuna jambo, na tutalifikia.

Kisha chukua kijiko, vuta kwa nguvu pamoja na hewa, mpaka sauti isikike. Ndiyo, ni ile sauti tuliyokuwa tukikemewa utotoni. Wazee waliokuwa wakimimina chai kwenye kisahani na kuivuta kwa kishindo walikuwa wanaipata harufu ambayo sisi wenye adabu tunaikosa, kwa sababu ile hewa huipandisha harufu puani kwa njia ya nyuma ya koo.

Neno moja kabla hatujaendelea. Watu huchanganya uchungu na ukakasi, na mtu akichanganya hivi viwili hawezi kutafuta kosa. Uchungu ni mwarobaini, ni shubiri. Huo ni ladha. Ukakasi ni bibo, ni zambarau isiyoiva; si ladha bali ni mguso, ulimi unakauka na mashavu yanajivuta ndani. Chai nzuri ya rangi ina ukakasi. Isipokuwa nao kabisa, imekufa.

"Ina harufu isiyokuwa yake"

Hili ndilo tatizo kubwa la visiwa hivi, na ndilo lililonipata mimi.

Majani ya chai yakitoka kwenye mashine ya kukaushia kiwandani yana unyevu wa karibu asilimia 3 tu. Kitu kikavu hivyo kina kiu, na hunywa chochote kilichopo hewani, unyevu na harufu pamoja. Wachina wameitumia tabia hii kwa faida: huyalaza majani ya chai pamoja na maua ya asumini, maua yakaondolewa, chai ikabaki na harufu. Asumini ile ile tunayoifungia vikuba. Sasa badala ya asumini weka ng'onda, samaki aliyekaushwa.

Fikiria safari ya paketi. Chai hailimwi kwetu. Inatoka kwenye nyanda za juu, Mufindi, Njombe, Rungwe, milima ya Usambara, au ng'ambo ya mpaka Kericho, inapanda lori, inakaa ghalani, inapakiwa chomboni na kila kitu kinachopakiwa chomboni, inateremka Mkoani au Wete, inafika dukani. Dukani inakaa kwenye rafu moja na sabuni ya kufulia, chini yake ng'onda na papa, pembeni dumu la mafuta ya taa. Muuza duka hana kosa, duka ni dogo. Lakini paketi ya karatasi au mfuko mwembamba wa plastiki havizuii harufu hata kidogo.

Mimi paketi zangu zilikuwa nzima. Kosa langu lilikuwa kwamba nilinunua kwa wingi, nikafungua mfuko mkubwa, nikaumimina kwenye ndoo yenye kifuniko kilegevu, ndoo nikaiweka stoo. Ukuta wa stoo yangu una matundu juu kwa ajili ya hewa. Upande wa pili wa matundu, chumba kile kilikuwa kimekodishwa, na kwa wiki tatu kilijaa magunia ya karafuu kavu. Hapa Pemba msimu ukifika mji mzima unanuka karafuu, majamvi yametandazwa hadi pembezoni mwa barabara, na pua yako inazoea hata huisikii tena. Ndiyo maana mimi niliyekuwa mle ndani siku nzima sikuisikia, akaisikia mzee aliyetoka kunywa maji baridi ya msikitini.

Kupima: chukua kijiko cha majani makavu, tia kwenye kikombe kilichopashwa moto kikiwa kikavu, funika kwa kiganja dakika moja, kisha funua na unuse. Joto huifukuza harufu iliyojificha. Majani mazuri yatanukia kama mkate unaoanza kuiva, au nyasi kavu, na utamu kidogo. Ukisikia shombo, sabuni au mafuta ya taa, usisumbuke kuonja.

Tiba haipo. Usiyaanike, usiyakaange. Yaliyonasa karafuu niliyatumia kwenye chai ya viungo, na wateja waliisifu. Yaliyonasa shombo au mafuta ya taa mwaga, kwani hakuna kiungo kitakachoyaokoa. Kinga ni bati lenye kifuniko kinachobana, lililokaa mbali na kabati la viungo. Chupa iliyokuwa na hiliki usiitumie hata ukiiosha mara kumi, hasa kama ni ya plastiki. Na nunua kidogo kidogo. Niliokoa shilingi chache kwa kununua mfuko mkubwa nikapoteza mfuko mzima.

Uvundo ni jambo jingine, ingawa pua inaweza kuuchanganya na hayo. Huo ni unyevu. Wakati wa masika hata chumvi yetu hugeuka maji, sembuse majani ya chai. Yabane kati ya vidole: yakivunjika kwa mlio mdogo, ni makavu, yakibonyea bila kuvunjika, yamekunywa hewa. Yakiwa yamebonyea tu, yatakuwa yamepoteza uchangamfu lakini yananyweka. Yakiwa na harufu ya chumba kilichofungwa au chembe za ukungu mweupe, usimpe mtu.

Moshi una milango miwili. Wakati mwingine unatoka kiwandani, tanuru la kukaushia likivuja. Mara nyingi zaidi unatoka kwenye kuni zako na birika lisilofunikwa. Chemsha maji kwa gesi au umeme, tengeneza tena kwa majani yale yale. Moshi ukitoweka, umepata jibu. (Iko chai ya China, Lapsang Souchong, inayokaushwa kwa moshi wa misonobari kwa makusudi. Kama hujainunua hiyo, moshi ni kosa.)

"Nyeusi kama wino, haing'ai, na juu ina utando"

Dada yangu ameolewa kusini mashariki mwa Unguja. Alinipigia simu kulalamika kwamba chai anayonunua haina maana, ameshabadilisha aina tatu. Nilipokwenda kumtembelea nilichukua paketi ya kwangu, ile ninayouzia. Nikapika kwake. Nikamimina. Rangi nyeusi iliyokufa, na kikombe kilipotulia kikafanya ngozi nyembamba juu, yenye kung'aa kama mafuta, iliyopasuka vipande vipande nilipoigusa kwa kijiko. Chai yangu mwenyewe, siku moja kabla ikiwa nyekundu ya kung'aa kule Chake.

"Umeona?" akasema.

Nikafungua birika lake. Ndani lilikuwa jeupe, limevaa koti la chokaa.

Ardhi ile ni mawe ya matumbawe. Maji yanayopita humo hubeba kalsiamu na bikaboneti, na hivyo viwili vikikutana na chai hufanya mambo mawili. Huifanya rangi iwe nzito na kufifia, na pale juu, maji yanapogusana na hewa, huunganisha vitu vya chai kuwa ule utando. Watafiti wa Imperial College London waliuchunguza utando huu miaka ya 1990 na kukuta kwamba hauji bila kalsiamu, bikaboneti na hewa. Kwa hiyo si mafuta ya majani, si dawa iliyopuliziwa shambani, wala si sabuni iliyobaki, ingawa yote matatu nimeyasikia kwa watu wanaoapa.

Kupima ni rahisi na kunapendeza macho. Gawa chai hiyo vikombe viwili, kimoja kamulia matone ya ndimu. Utando unavunjika na rangi inafunguka hapo hapo kuwa nyekundu nyepesi. Wengine husema ndimu imeiua chai, imeipunguza nguvu. Haijapunguza kitu, asidi imebadilisha rangi tu, kafeini na ukakasi vimo vile vile.

Kwa dada tulitumia maji ya mvua aliyokuwa amekinga kwenye mtungi kwa ajili ya kufulia kanga zake nyeupe. Chai ikatoka kama ya kwangu. Aliudhika kidogo, nadhani kwa ajili ya zile paketi tatu.

Kama huna maji ya mvua, chemsha maji kwanza peke yake, yaache yatulie mpaka chokaa ishuke, mimina ya juu taratibu kwenye birika safi na uyachemshe tena kwa chai. Sehemu ya ugumu huondoka hivyo. Birika lisafishe kwa kuchemshia maji yenye ndimu au siki. Maji ya mvua nayo yana masharti yake: mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, kinga ya pili. Na maji yenye chumvi ya bahari, ya visima vya karibu na pwani, hayasaidiki kwa kuchemsha. Chumvi haishuki chini wala haipandi na mvuke. Inabaki kwenye birika ikizidi kukolea.

"Kali, inanikausha"

Hapa ndipo inapofaa ile tofauti ya bibo na mwarobaini. Ukakasi unatokea kwa sababu vitu vya chai viitwavyo polifenoli hushikana na protini za mate, mate yakapoteza ule utelezi wake. Ukakasi ukija mara moja, ukauchangamsha mdomo, kisha ukaondoka na kuacha mdomo safi na mate mapya, hiyo ni sifa. Waonjaji wanaitafuta na wanunuzi wanailipia. Usiitibu.

Ukakasi ukikaa, ukabeba uchungu nyuma yake, na chai ikawa haina harufu yoyote ya kupendeza, imepikika. Chai yetu tunaichemsha majani yakiwa ndani. Dakika mbili tatu si neno, ndiyo mila yetu na inaleta chai yenye nguvu ya kubeba maziwa. Lakini birika linalokaa juu ya makaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu ni jambo jingine: harufu imeondoka na mvuke, uchungu umebaki unaongezeka. Mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, nikiona ndiyo kubana matumizi. Sasa nachuja mara inapokolea, natia kwenye chupa ya chai bila jani hata moja, na baada ya saa mbili naimwaga. Ukipima kwa vikombe vitatu, tatizo hili halitaonekana popote, kwa sababu liko jikoni.

Mara chache ukali unatoka kiwandani. Angalia yale majani juu ya mfuniko: yakiwa na ukijani, hayakupewa muda wa kutosha kupata hewa baada ya kusagwa. Chai nyeusi inakuwa nyeusi kwa kuachwa ipate hewa, ibadilike kutoka kijani hadi shaba, kabla ya kukaushwa. Ikikatizwa mapema ladha inakuwa mbichi, ya kukwaruza. Huna la kufanya nayo ila kuitia maziwa. Protini za maziwa hushikana na polifenoli kabla hazijayafikia mate yako.

"Chapwa"

Kabla ya yote uliza kama maji yalikuwa yanachemka. Mgeni anayepewa maji ya chupa ya chai yaliyochemshwa alfajiri na kifuko cha chai saa nne atakunywa maji ya rangi, hata kifuko kiwe cha bei gani. Chai nyeusi inataka maji yanayotokota.

Halafu angalia ukubwa wa majani. Karibu chai yote tunayokunywa husagwa kwa mashine iitwayo CTC, iliyobuniwa Assam huko India mwaka 1930, inayoponda, kuchana na kusokota majani kuwa punje. Punje huchekechwa kwa ukubwa: BP1 ni kubwa, PF1 ndogo zaidi, kisha PD na D1, ambazo ni kama vumbi. Mteja akifungua paketi akakuta vumbi husema amepunjwa, amepewa mafagio. Sivyo. Hilo ni daraja la ukubwa, na vumbi zuri huuzwa kwa bei nzuri, maana linakolea haraka na kutoa vikombe vingi. Ila ukizoea vumbi kisha ukanunua BP1 ukaipika kwa muda ule ule, itakuwa nyepesi. Iongeze dakika.

Kama si hayo, mwaga majani makavu kwenye karatasi nyeupe. Unatafuta nyuzi na vijiti vya kahawia hafifu. Hivyo ni vikonyo, na Mpemba hahitaji kuelezwa, kwani sote tumekaa jamvini kuzichambua karafuu na makonyo yake. Makonyo ya karafuu hupelekwa Wawi kutolewa mafuta, hayauzwi kama karafuu. Ya chai huachwa humo humo na wasio makini. Chai nzuri huchumwa majani mawili na kichipukizi. Mchumaji akishuka chini zaidi kwenye kitawi anapata uzito mkubwa kwenye kapu na wewe unapata vijiti. Rangi nayo: nyeusi yenye mng'ao kidogo ni nzuri. Ya kijivu imesuguliwa mno kwenye chekeche, au imezeeka.

Kuna uchapwa mwingine unaowapoteza wengi: rangi nyingi, mdomoni hamna mtu. Kikombe chekundu cha kutisha, unapiga funda hukuti kitu. Mara nyingi hiyo imepata hewa kupita kiasi kiwandani. Vitu vinavyoleta mng'ao na uchangamfu, theaflavini, vimegeuka kuwa thearubijini, ambazo zinaleta rangi na uzito lakini si uhai. Majani yake yaliyolowa yatakuwa ya kahawia iliyokolea, yamefifia. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaonisaidia wasiihukumu chai kwa rangi. Kwa maneno yao wenyewe, rangi peke yake ni "chai", uongo mtupu.

Ukishuku rangi ya kutiwa, tandaza kijiko cha majani kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji baridi. Chai halisi huachia rangi taratibu. Rangi ikitapakaa papo hapo kwa michirizi, irudishe dukani. Majani yaliyokwisha kutumika kisha yakakaushwa nayo hujitambulisha kwa uchapwa ambao hauongezeki hata ukizidisha muda. Kiwango cha ISO 3720 kinataka angalau asilimia 32 ya uzito wa majani makavu iweze kuyeyuka kwenye maji, na yaliyotumika hayawezi kuufikia.

"Ikipoa inakuwa na mawingu"

Hongera. Theaflavini na kafeini zikipoa hushikana na kuichafua chai kama imetiwa tone la maziwa. Hutokea kwa chai yenye nguvu na uchangamfu. Ipashe moto, itasafika. Usiichanganye na ule utando wa maji, ambao hukaa juu tu na haurudi ndani.

"Maziwa yameharibu"

Hapa pana malalamiko mawili. La kwanza, chai ikitiwa maziwa inakuwa ya kijivu badala ya rangi ya dhahabu au ya tofali. Hayo si maziwa, ni chai iliyofifia, iwe kwa maji au kwa majani. Rudi kwenye vikombe vitatu. Waonjaji wa Mombasa walikuwa na mstari mzima wa vikombe vyenye maziwa kwa ajili hii tu, kwa sababu maziwa huonyesha haraka kile ambacho chai tupu inakificha.

La pili, maziwa yamekatika, na watu husema yalikuwa mabovu. Kama umetia tangawizi mbichi, iangalie hiyo kwanza. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa; kusini mwa China hufanyia kitindamlo cha maziwa kwa makusudi. Moto hukiua. Kwa hiyo tangawizi iliyopondwa ichemke na maji kwanza, kwa dakika kadhaa, na maziwa yaje mwisho. Ukiitia tangawizi juu ya maziwa yenye uvuguvugu umejitakia. Na kikombe kilichobaki na ndimu ya mteja aliyetangulia kinatosha kuharibu cha anayefuata.

"Vikombe vyote vitatu ni vibaya"

Basi, isipokuwa maji na majani vyote viwili ni vibaya, si chai. Anza na vikombe: sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri huacha ladha ambayo maji moto huiamsha, na kitambaa cha kufutia kilichofutia meza ya samaki kinafanya hivyo hivyo. Mombasa tulisuuza kwa maji moto matupu tu, na nilipotumia sabuni siku moja kwa kutaka sifa, vikombe arubaini vilimwagwa.

Kisha angalia mdomo wako. Dawa ya meno, tambuu, sigara, kahawa chungu, mafua. Juzi kijana wangu aliniambia paketi mpya ina uchachu, kila kikombe. Nikaonja, sikuuona. Nikamuuliza amekula nini. Alikuwa ametoka kumaliza bakuli la urojo, na pilipili yake, na embe yake. Nikampa maji asukutue, nikamwambia akafagie kwanza, aonje tena baada ya nusu saa.